Mzee Ongodia Anashuka kwa Lori, na Taa Zake Zinapumzika

Mzee Allan Ongodia ameendesha lori ya yadi yetu ya Malaba miaka ishirini na tisa. Leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba, anashuka na harudi tena. Meneja wetu, Madam Eucabeth, alitaka karani aandike haya maneno. Karani amekuja juzi. Hata hajui Ongodia akikasirika anakaa aje. Mimi ni mpakizi. Nimepanda hiyo lori na yeye tangu nikiwa na meno yote. Kwa hivyo naandika mimi. Mahali nimepinda, kunyweni soda mnyamaze.

Ongodia si malaika. Kama mlikuja kusikia ya malaika, kanisa ni Jumapili.

Alianza kama turnboy. Kazi yake ilikuwa kuweka jiwe nyuma ya tairi na kuamsha dereva. Siku moja huyo dereva alivuka upande wa Uganda kununua mandazi, akaoa huko huko. Lori ilikuwa imejaa saruji na watu wa Busia wanangoja. Ongodia akaingia kwa usukani. Hakuna mtu alimwambia ashuke, na ndiyo hivyo alipata kazi.

Tulibeba saruji kwenda Busia na Bumala. Tulibeba mahindi kutoka Khunyangu. Mara zingine tulienda mpaka Nakuru. Hiyo safari unapita Timboroa, na hapo ndipo Ongodia alikutana na ukungu ya kweli. Sisi watu wa huku tunajua ile kidogo ya asubuhi, inalala mtoni, inaisha kabla ya chai. Ya Timboroa ni kama umefunikwa na blanketi ya hospitali. Ongodia akawasha fuli, ile taa kali ya kumulika mbali. Taa ikagonga ukungu ikamrudia kwa macho. Akaona ukuta mweupe. Akasimamisha lori katikati ya lami na akauliza nani amejenga hapa.

Mzee mmoja wa lori ya viazi akakuja akagonga mlango. Alimtukana kwanza, halafu akamfundisha. "Toa lori barabarani. Toa fuli. Weka dimu, ile taa ya kuinama, na uwashe zile ndogo za chini, za ukungu. Hizo zinapita chini yake, zinakuonyesha pembeni ya lami. Na uende polepole, wewe si ndege." Ongodia akafanya hivyo. Tukafika Nakuru na miguu yetu yote.

Shida ilianza hapo. Mtu akiponywa na dawa moja, anataka kuinywa hata akiwa mzima. Ongodia alirudi Malaba akanunua taa za ukungu kama mtu anaoa. Mbili chini ya bamper, hizo ni sawa. Zingine mbili juu ya bamper. Zingine mbili juu ya kichwa ya lori kabisa. Nyuma akaweka moja nyekundu, kubwa kama sahani ya ugali. Na zote zilikuwa zinawaka. Anga safi, zinawaka. Kwa foleni ya Malaba, jua ya mchana inachoma vichwa, lori haijasonga tangu asubuhi, zinawaka. Watu walimwita Stediamu. Akipita Kocholia usiku jogoo ziliwika. Dereva wenzake walimpiga taa kumwambia azime. Yeye akafikiri ni salamu. Akarudisha salamu na zote sita.

Ile nyekundu ya nyuma ilikuwa mbaya zaidi. Ukiwa nyuma yake huwezi jua kama amefunga breki ama ni ile sahani yake tu. Siku moja trela ilimbusu nyuma, kidogo tu. Ongodia akashuka na kelele. "Boss, kwani wewe ni kipofu?" Yule dereva akapangusa macho. "Asubuhi sikuwa," akamwambia. "Nimekuwa kipofu tangu nianze kukufuata."

Sasa nieleze desturi, kwa sababu kuna wageni hapa. Kwa yadi yetu, dereva akistaafu, wapakizi ndio wanachinja jogoo. Meneja hahusiki. Mwenye lori hahusiki. Ni sisi, kwa sababu sisi ndio tulikaa naye kwa gari na tuliona. Kama huyo dereva hajawahi kuangusha mtu barabarani, anapewa firigisi mbele ya watu wote. Kama aliangusha, atakula mguu, atakula kifua, ashibe, lakini firigisi inapita mbele yake inaenda kwa mwingine. Mnacheka. Nimeona mwanaume wa miaka sitini akilia kwa sababu ya firigisi. Na Ongodia ameitaka tangu akiwa turnboy. Alikuwa anaiongelea kama mtu anaongea juu ya shamba yake.

Kitu kimoja kilisimama kati yake na hiyo firigisi. Kinaitwa Makokha.

Makokha alikuwa na boda hapo Bumala. Asubuhi moja tulikuwa tunatoka Busia na saruji. Kwa daraja tukapata ukungu, Ongodia akawasha taa zake zote. Sawa. Tukapanda kilima, ukungu ikaisha, unaona mpaka nyumba za mbali na moshi ya chai. Nikamwambia, "Mzee, zima." Akaniambia, "Zinakula ugali yako?" Tukafika kona. Makokha anakuja na kreti ya kuku nyuma ya pikipiki. Alipata zote sita kwa macho. Hakuona lori. Hakuona lami. Aliingia kwa mtaro na mguu ukavunjika mahali pawili.

Wapakizi wawili walishuka kumtoa. Wa tatu alishuka kushika kuku. Jina ya huyo wa tatu siandiki. Ako hapa leo na ameketi karibu na chakula.

Ongodia alisimama kando ya lori akasema, "Sijamgusa. Uliza bamper." Askari wa trafiki akaja akapima. Kweli, hakuna alama. Lori ilikuwa upande wake. Ikaandikwa kwamba pikipiki ilitoka barabarani yenyewe. "Sijamgusa" ikawa wakili wa Ongodia. Ukimuuliza habari ya asubuhi, anakuambia hajamgusa.

Bibi yake, mama Asekenye, ndiye alimtuma hospitali na uji. Mimi nilienda naye. Ongodia akasimama hapo kwa kitanda akaanza wimbo yake. "Makokha, wewe mwenyewe unajua sikukugusa." Makokha akamwangalia, mguu imening'inizwa juu kama ndizi ya kuuzwa. Akasema, "Ni kweli mzee. Hukunigusa. Ulinizimia dunia tu."

Tulirudi Malaba. Ongodia alipofika yadi alichukua spana, akapanda juu ya lori, akafungua zile mbili za kichwa. Akafungua zile mbili za juu ya bamper. Akabakisha mbili za chini, na ile ya nyuma akaiwekea swichi yake peke yake. Lakini mdomo yake bado ilisema hajamgusa. Mkono ulikubali, mdomo ukakataa.

Kutoka hapo akawa kero ya aina ingine. Afadhali tungebaki na Stediamu. Alikuwa anatembea kwa foleni ya Malaba, jua kali, anagonga milango ya watu wamewasha taa za ukungu. "Boss, ukungu iko wapi? Nionyeshe niishike." Mganda mmoja akamjibu, "Ssebo, mzee, niache, hii ni ya urembo." Ongodia akamwambia, "Urembo vaa hereni." Walikaribia kupigana. Waliishia kula chapati pamoja, na yule Mganda akazima. Mpaka leo akivuka hapa anapiga honi na anaonyesha kidole kwa bamper, kwamba angalia, nimezima.

Sheria yake alikuwa anasema kwa ng'ombe, maana Wateso hata taa tunapima na ng'ombe. Kama ng'ombe iko mbali kama goli ya huku mpaka goli ya kule, na huioni, washa. Kama unaiona mpaka unajua ni ya nani, zima. Mvua ikimwagika huoni mbele, washa. Vumbi ya kwenda Khunyangu ikikufunga, washa. Ikiisha, zima, usingoje uambiwe. Fuli kwa ukungu, usiguse. Ile nyekundu ya nyuma, ukiona wa nyuma amekukaribia na anakuona, zima, aone breki yako. Na taa ya ukungu si leseni ya kukimbia. Inakuonyesha kipande kidogo tu ya barabara. Basi endesha mwendo ya hicho kipande.

Nimwambie asante moja, halafu nirudi kwa matusi. Mke wangu alipokufa, Ongodia ndiye aliomba lori kwa Madam Eucabeth. Tulimpeleka Khunyangu asubuhi mapema. Ukungu ilitushika Bumala. Nyuma yetu kulikuwa na gari ya kwaya na pikipiki za jirani. Ongodia akaweka dimu. Akawasha mbili za chini. Akawasha nyekundu ya nyuma ili wasipotee. Alienda polepole mpaka shemeji yangu akauliza kama tunaenda kuzika ama kupalilia. Ongodia akaendelea vile vile. Ukungu ilipofunguka, akazima za mbele, akazima ya nyuma, akaangalia kwa kioo kama wote wametoka. Walikuwa wote. Mimi hiyo siku sikuwa naona kitu. Hiyo niliiona.

Sasa matusi. Huyu mzee alikataa redio kwa lori, akasema inakula masikio. Anakoroma. Alikula chakula ya wapakizi akisema anaonja chumvi. Na dada Perez, ambaye anachukua lori yake kuanzia Jumatatu, alimtesa. Alimfanya asimamishe lori mbele ya ukuta ya stoo, aangalie mwanga wa taa za ukungu unaanguka wapi. Ukipanda juu, fungua, inamisha, anza tena. Alimfanya aoshe hizo taa na kitambaa kila safari. Perez akasema, "Mzee, mimi nilikuja kuendesha ama kuogesha watoto?" Ongodia akamwambia, "Taa ikiwa na matope ni mshumaa." Perez alimtukana kwa Kiluhya. Ongodia akamtukana kwa Kiteso. Siku hizi ni Perez anagonga milango ya watu kwa foleni. Huo ugonjwa unaambukiza.

Turudi kwa firigisi. Wiki jana wapakizi tuliketi juu ya magunia kuamua. Tuligawanyika. Wengine walisema lori haikugusa mtu, askari alipima, apewe. Wengine walisema kama umezimia mtu dunia akaanguka, umemwangusha, hata kama ulikuwa mbali kama Kampala. Kelele ikawa mingi. Tukaenda kwa Madam Eucabeth. Akasema, "Mimi niko na matairi na mafuta. Kuku ni yenu." Kwa hivyo tukakubaliana tutume mtu Bumala, tuulize Makokha mwenyewe. Siku hizi Makokha anaziba pancha hapo stage ya boda. Anatembea akiinama upande mmoja.

Ongodia alikuwa chini ya lori, anasikia yote. Akatoka na mafuta kwa uso. Tukajua sasa tutasikia ile wimbo. Mmoja wetu hata akaianza kabla yake, "Sijamgusa..." watu wakacheka.

Ongodia hakucheka. Akasema, "Msitume mtu. Nilimwangusha."

Akasema tena, kama tumeziba masikio. "Mimi Ongodia nilimwangusha Makokha na taa. Ukungu ilikuwa imeisha na niliambiwa nizime. Hiyo firigisi msiniwekee." Halafu akarudi chini ya lori, na spana ikaendelea kugonga. Tulishuka kwa magunia mmoja mmoja. Hata yule wa kuku.

Siku ya pili alienda Bumala mwenyewe. Sikuwa hapo, kwa hivyo sitadanganya ati walikumbatiana. Perez ndiye alimpeleka. Anasema Ongodia aliongea kidogo na Makokha aliongea sana, na kwamba mengine hayawezi kusomwa mbele ya padri. Mwisho Makokha aliuliza jogoo ni kubwa namna gani. Akaambiwa ni kubwa. Akasema, "Basi nitakuja. Hiyo firigisi nitakula mimi, nikiwa nimeketi karibu na wewe, na nitaitafuna polepole."

Kwa hivyo msishangae leo. Makokha ndiye yule ameketi mkono wa kulia wa mstaafu. Wapakizi wote tumekubali, hakuna aliyekataa. Na Ongodia, mguu wa jogoo ni wako, kula bila kuangalia sahani ya jirani.

Mzee, asante kwa kutufikisha. Umetubeba na hasira yako, na kukoroma kwako, na hakuna mpakizi amelala kaburini kwa sababu yako. Mama Asekenye, tunakurudishia yeye akiwa mzima, kelele pia ni yako sasa. Tunawaombea ng'ombe zizae, mahindi ijae, na afya ikae nyumbani kwenu.

Na jambo la mwisho. Huna gari. Kuanzia kesho asubuhi ukipeleka maziwa, utatembea pembeni ya barabara kama sisi wengine, na malori yatakuja yakikuangalia. Tunakuombea kila dereva utakayekutana naye awe mtu uliwahi kugonga mlango wake.

Omuse, kwa niaba ya wapakizi wote