Kilatini cha Felisita na Fisi wa Ng'ambo

Jumanne saa kumi jioni, Felisita Deogratias, msichana wa miaka kumi na minne, alirusha kitabu cha sarufi ya Kilatini juu ya paa la jiko la nyumbani kwao, pembeni mwa mji wa Bariadi. Saa kumi na moja baba yake alikuwa kijiweni kwa Domitila, amesimama, hajaagiza kahawa. Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya ghala la pamba lililofungwa tangu msimu uishe. Kutoka hapo unauona mto, ambao mwezi huu ni mchanga mtupu, na njia inayoukata kwenda sekondari ya kata. Mwezi Machi, kwenye njia hiyo, kabla jua halijatoka, fisi alimuua mtoto wa darasa la tatu. Tangu wiki ile Felisita hajakanyaga shule. Anafundishwa nyumbani na baba yake, ambaye alisoma seminari miaka sita akaacha, na mtaa mzima unamwita Frateri. Frateri anamfundisha kile alichofundishwa yeye.

Wateja walikuwa watatu. Kamanda, ambaye jina lake ni Bujiku, aliwahi kuongoza sungusungu wa mtaa na bado anatembea na rungu. Mzee Masalu, tarishi mstaafu wa ofisi moja ya serikali, anaitwa Wilaya kwa sababu hazungumzi, anatoa taarifa. Wa tatu ni Nyanda wa bodaboda, mdogo kuliko wote, anaitwa Gia. Domitila, ambaye mwanawe Precious anasoma sekondari hiyohiyo, alikuwa na birika mkononi.

— Mwadila, Frateri, alisalimu Kamanda. Kaa basi. Mtu akisimama hivyo huwa ameleta msiba.

— Hakuna msiba. Ametupa kitabu.

— Nani?

— Felisita. Amekirusha juu ya paa. Anasema Kilatini basi. Kesho alfajiri anakwenda shule, nimruhusu nisimruhusu.

Domitila aliacha kumimina.

— Kwa njia ya mto?

— Kuna nyingine, mayu?

Hakukuwa na nyingine ambayo mtoto angeitembea na kuwahi kipindi cha kwanza. Kamanda alimgeukia Gia.

— Wewe si una pikipiki? Mpeleke.

— Kwenye mchanga ule pikipiki inazama mpaka tangi, mzee.

— Zunguka na barabara kubwa.

— Barabara kubwa nayo ina kichaka kilekile mwisho wake. Mimi kabla ya jua sipeleki mtu ng'ambo. Nilishasema, na abiria wangu wanajua.

Hakuna aliyemcheka. Wilaya aliweka kikombe chini.

— Twende kwa utaratibu. Tuanze na chanzo. Hicho Kilatini kimemkosea nini mtoto?

Frateri alikaa. Alieleza kwamba kila jioni, kuanzia saa kumi mpaka giza, wanakaa mezani, yeye upande huu na binti yake upande ule, wanasoma kwa sauti. Tatizo ni mikia ya maneno.

— Neno moja lina mikia mingi, alisema. Chukua rafiki. Akifanya jambo, ana mkia wake. Akifanyiwa jambo, mkia mwingine. Ukimwita, mwingine. Kitu kikiwa ni chake, mwingine.

— Rafiki huyohuyo? aliuliza Kamanda.

— Huyohuyo.

— Hajaenda popote?

— Hajaenda popote.

— Sasa mnamsumbua kwa nini?

— Ndivyo lugha ilivyo, Kamanda.

— Mimi nina ng'ombe mmoja anaitwa Madoa. Nikimwita ni Madoa, nikimpiga ni Madoa, nikimuuza atabaki Madoa. Ningembadilishia jina kila saa angenipiga pembe, na ningekuwa nimestahili.

— Jana alipatia yote, alisema Frateri. Leo nikamwambia arudie, akanyamaza. Nikamwambia tena. Nikapandisha sauti, sikatai. Akaniangalia, akasema, baba, namwita rafiki kwa Kilatini tangu Machi na hajaitika hata mmoja. Hapo hapo kitabu kikaruka.

Gia alicheka. Domitila hakucheka.

— Mpe likizo, mshua, alisema Gia. Hata wiki. Kichwa kikijaa hakipokei. Mimi hesabu za sehemu zilinigomea nikaamua nipumzike kwanza, nizirudie kichwa kikiwa safi.

— Ukapumzika lini? aliuliza Frateri.

— Darasa la sita.

— Na ukazirudia lini?

— Si bado napumzika.

— Kijana wa watu, alisema Wilaya. Suala si likizo. Suala ni kwamba Kilatini ni lugha ya marehemu. Hakuna nchi inayokisema. Hakuna soko, hakuna baraza, hakuna mtu utakayemkuta njiani ukamsalimia nacho. Nilikaa ofisini miaka thelathini, sijawahi kupeleka barua hata moja ya Kilatini. Mtoto anaongea na wafu kila jioni. Lazima achoke. Wafu hawasaidii kazi.

— Kanisani kipo, alisema Frateri.

— Kipo kwa wenye kazi nacho. Na wao wanakisema mchana, watu wakiwa wengi, milango wazi. Wewe unakisemea chumbani, jua likizama.

Frateri alisema hana kingine. Fizikia yake iliishia kidato cha pili, na vitabu vya biolojia alivyoazima panya walivitafuna. Kilatini ndicho anachokijua mpaka mwisho. Alitaka mtoto awe na kitu kimoja kilichokamilika, hata kama vingine vimekatika njiani.

— Lakini jua likizama, hapo Wilaya ana pointi, alisema Gia. Sikia. Sisemi kukutisha. Dirisha lenu linatazama mtoni, si ndiyo?

— Ndiyo.

— Na mnasoma kwa sauti, saa ileile, maneno yaleyale.

— Ndiyo.

— Mnyama anazoea sauti. Ng'ombe anamjua mchungaji kwa mluzi. Mbwa wangu anaijua hii boda ikiwa bado iko kona. Fisi naye ana masikio. Kila jioni anamsikia mtoto yuleyule, dirisha lilelile. Miezi yote hii. Si ameshajua yupo, na anamsubiri atoke?

Frateri alishika goti lake kwa mikono miwili.

— Acha hizo, Gia, alisema Domitila.

— Nasema tu, mama Precious.

— Gia hajui alichosema, lakini amekigusa, alisema Kamanda na kushusha sauti. Bukundi kulikuwa na mtu mmoja, ng'ombe zake zilikuwa zinakuja kwa mluzi wa namna yake. Mzuri, wa kupanda na kushuka. Wezi wakalala kichakani wiki nzima wakiusikiliza. Siku ya siku hawakuvunja zizi. Walipiga mluzi. Ng'ombe zote zikatoka zenyewe, zikaenda.

— Sasa hilo na fisi linahusiana vipi? aliuliza Domitila.

— Mayu, yule mbiti, fisi wa Machi, hakuwa wa porini. Alikuwa na alama pajani, ya moto. Aliyemwona alinieleza.

— Aliyemwona nani?

— Mtu.

— Mtu gani?

— Mtu mzima. Alama ya moto maana yake ana mwenyewe anayemtuma. Na mwenyewe ana masikio kama sisi, tena ana akili. Anapita njiani jioni, anasikia dirishani mtoto anafundishwa namna ya kuita. Neno la kuitia, Frateri, si umesema lipo?

— Lipo.

— Basi ameshalishika. Halafu jiulize jambo moja. Huyu mtoto tangu Machi hakutaka kutoka. Leo ghafla anataka kutoka. Tena hataki mchana. Anataka alfajiri. Hiyo alfajiri ameambiwa na nani?

Upepo ulikuwa unatoka mtoni na Gia alifunga zipu ya koti lake. Wilaya, ambaye kwa kawaida huomba ushahidi, hakuomba.

— Wanaweza wakawa zaidi ya mmoja, alisema Wilaya polepole. Wenye kuita. Kuna mtu wa Kiloleli aliniambia huko kwao wameanza kusikia sauti zisizo Kisukuma wala Kiswahili. Hatukujua ni lugha gani. Sasa nadhani tunajua.

Frateri alikuwa amesoma falsafa. Alikuwa amewahi, hapohapo kijiweni, kuwaambia watu kwamba fisi ni mnyama mwenye njaa na hana mwajiri. Jioni hiyo hakusema hivyo.

— Nitazibua nini, nitaziba nini, alisema. Dirisha nitalipigilia mbao leo. Kilatini tutasoma kimyakimya. Dada yangu yuko Malampaka, karibu na stesheni, naweza kumpeleka huko Jumamosi. Lakini kesho? Ana miguu. Mlango wenyewe unafungwa kwa kitasa cha ndani.

— Kufuli ninayo, alisema Kamanda.

Aliitoa mfukoni na kuiweka juu ya ubao. Ilikuwa kufuli ya lango la zizi, na ufunguo wake ulifungwa kwa kipande cha kamba.

— Ni kwa usiku mmoja tu, alisema. Mpaka akili imrudie.

Frateri aliitazama, kisha akaichukua.

— Na Precious wangu? aliuliza Domitila.

— Precious amefanyaje? aliuliza Kamanda.

— Anapita njia hiyohiyo. Kesho atapita, keshokutwa atapita. Yeye mnamwekea kufuli gani?

— Precious hasemi Kilatini, alisema Gia.

— Precious anaogopa. Wako wanane, wanashikana mikoba, wanaimba mpaka wafike. Wakimaliza nyimbo wanaanza upya. Mimi nikishamtoa mlangoni naanza kusikiliza. Nawasha mkaa huku nasikiliza. Nauza kahawa nasikiliza. Mpaka amerudi. Sina Kilatini cha kumfungia ndani nacho, na ningekuwa nacho sijui ningefanyaje. Pengine na mimi ningemfungia.

Ndipo Gia alipomwona Felisita.

Alikuwa anakuja kwa miguu kutoka upande wa nyumbani kwao, katikati ya barabara. Tangu Machi hakuna aliyekuwa amemwona nje ya geti. Alivaa sare. Sketi ilikuwa imepanda juu ya magoti na mikono ya sweta haikufika viganjani. Alisimama hatua chache kutoka kwenye ubao.

— Shikamooni.

— Marahaba, walijibu wazee.

— Nani amekuruhusu kutoka? aliuliza Frateri.

— Nimekuja kumuuliza mama Precious. Kesho wanatoka saa ngapi?

Domitila alimtazama Frateri kabla ya kujibu.

— Saa kumi na moja na nusu, mwanangu. Wanakutana hapa.

— Nitakuwepo.

— Binti, alisema Wilaya, na akajiweka sawa kwenye ubao. Tumekaa kikao kuhusu suala lako. Mawazo ya wengi ni kwamba usiwe na haraka. Kaa na baba yako. Maliza kwanza hicho Kilatini, mambo ya shule yatafuata.

— Sawa, babu. Nikikimaliza, fisi watakuwa wamekwisha?

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza saa. Wilaya aliokota kikombe chake. Alimtazama Kamanda. Kamanda alimtazama Frateri. Gia alikuwa anatazama mtoni. Felisita alisubiri, na ilionekana wazi kwamba alikuwa anataka jibu.

— Sijui, alisema Frateri.

— Hata mimi sijui.

— Huogopi?

Domitila alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipogundua kuwa Frateri hakuwahi kumuuliza binti yake swali hilo.

— Naogopa kila siku, baba. Hata nikiwa ndani. Ila ndani naogopa peke yangu.

Frateri alikuwa bado ameshika kufuli. Aliigeuza mara kadhaa mkononi, halafu akamrudishia Kamanda, na Kamanda akairudisha mfukoni.

— Kilatini je? aliuliza Frateri.

— Jioni, nikirudi. Lakini na Precious awepo. Nikikosea peke yangu nakuwa mjinga. Tukikosea wawili tutacheka.

— Precious anajua Kilatini kitu gani?

— Hata mimi sijui kitu, baba. Tangu Machi sijui kitu.

— Jana ulipatia yote.

— Nilikariri ili uache.

Frateri aliinamisha kichwa. Alisema kwamba seminari walikuwa vijana arobaini darasani, na aliyekosea alichekwa na thelathini na tisa. Alisema hakumbuki kama aliwahi kusoma Kilatini peke yake hata siku moja. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

— Atakuja, alisema Domitila. Precious atakuja, mkimrudisha kabla ya giza.

Gia aliomba kahawa nyingine. Domitila aliinamisha birika na hakikutoka kitu. Alisema imekwisha, na kwamba leo hachemshi tena. Watu waliondoka mapema, wote kwa njia ya barabara kubwa.

Jumatano saa kumi na moja na nusu, kukiwa bado giza, watoto tisa walikutana mbele ya ghala. Felisita aliwekwa katikati. Frateri alitangulia na tochi na panga. Kamanda alikaa nyuma kabisa. Gia alikuja bila pikipiki, akasema anakwenda mpaka ukingoni tu, kisha akashuka nao mchangani na kuvuka. Wilaya hakuonekana. Domitila aliwasha mkaa na hakuweka maji.

Saa moja kasoro, jua likiwa limetoka, Kamanda na Gia walirudi. Walisema wote tisa wameingia getini. Kamanda alisema aliwahesabu mara mbili. Waliulizwa kama waliona chochote. Gia alisema waliona nyayo kwenye mchanga, pana, zinakwenda na kurudi, na kwamba watoto waliziona pia na hakuna aliyeacha kuimba.

Frateri hakurudi nao. Alibaki upande wa pili, juu ya ukingo, mahali ambapo mtu anaweza kuiona shule na njia kwa pamoja. Saa nne Domitila alivuka na kumpelekea kahawa. Alikuwa bado amesimama.