Milka Mideva na Danieli wa Kiunoni

Ndugu waombolezaji, majirani wa Handsworth na nyote mliotoka mbali, familia inawashukuru kwa kuja kumsindikiza Milka Mideva, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1936 huko Vihiga, Kenya, mtoto wa tatu wa Mzee Walter Kisia na Mama Gertrude, akasoma Kaimosi, na mwaka 1961 akaja hapa Birmingham kusomea uuguzi, kazi aliyoipenda mpaka alipougua.

Tarehe 4 Aprili 1964 alifunga ndoa na Bethuel Amugune, fundi wa kusubu shaba, yaani kuiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu, katika karakana moja ya Hockley, wakajaliwa watoto wawili, Zilpah na Jairo.

Mwaka 1967, akikimbia mvua, Milka aliingia jumba la makumbusho, akakuta bizimu, kile chuma cha kufungia mkanda, la Wafaranki, watu walioishi Ulaya yapata miaka elfu moja na mia tatu iliyopita, na juu yake amechorwa mtu ameinua mikono, huku na huku wanyama wawili wakimlamba miguu, naye akamwambia mlinzi, "Huyu namfahamu, ni Danieli kwenye shimo la simba." Tangu hapo hakutulia, akajiunga na masomo ya jioni ya mambo ya kale, akachunguza picha za kinga ambazo watu wale walijifunga kiunoni, akahitimu tarehe 14 Julai 1972.

Bethuel kwa furaha akasubu bizimu la mfano ule ule, akalivaa kanisani, lakini mzee wa kanisa, Cleopas, akamzuia mlangoni, "Bwana Amugune, hirizi haiingii humu," naye, mtu wa amani, akavua mkanda, akaimba nyimbo zote kitabu mkono huu, suruali mkono ule.

Milka aliumia, maana wapo waliokwisha kunong'ona kwamba elimu imempeleka kwenye uganga, akaomba nafasi baada ya ibada, akaeleza kwamba Wafaranki walikuwa wageni katika Ukristo, wakiogopa maradhi na safari kama sisi, na yule mtu ameinua mikono kwa sababu anaomba.

"Sasa mbona wamechora simba, hawakuchora malaika?" akauliza Mzee Cleopas.

"Mzee, mwenye njaa mle shimoni alikuwa simba."

Kanisa likacheka, mzee naye akashindwa kujizuia, akamwambia Bethuel, "Funga suruali, ndugu yangu, tukanywe chai," na Krismasi ile Mzee Cleopas akaonekana na bizimu lake mwenyewe.

Mwaka 1977 Milka alianza kuugua figo, akalazwa mara kadhaa, akiwasahihisha wauguzi namna ya kukunja shuka, hadi alipotutoka tarehe 2 Novemba 1978.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi wenzake, waumini, na jirani yetu Swaran, aliyepika wiki nzima na kukataa kurudishiwa masufuria yake matanga yakiendelea.

Lala kwa amani, Mama Zilpah, watoto wamekula.