Muuguzi wa Chumba cha Nyuma

Nyumba hii ina walimu wawili, karani mmoja na mjukuu anayesomea sheria, lakini walipokaa kugawana kazi za msiba, huyu akapewa viti, yule akapewa kupokea wageni, na kazi ya kueleza maisha ya marehemu wakaniletea mimi niliyeacha shule darasa la tatu, eti kwa sababu ndiye niliyemzaa, kana kwamba mama anayezika mtoto ana nafasi ya kutafuta maneno. Nilikataa, wakanibembeleza, nikakataa tena, wakasema basi ataandika Meneja, na hapo nikaomba kalamu upesi, kwa sababu mengine mtakayoyasikia Meneja asingeyaandika hata mngemshika mkono. Mjukuu anayewasomea nimemwonya asiruke wala asilainishe, nami nimekaa hapa mbele, masikio yangu bado mazima.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1978, akiwa mtoto wangu wa sita na wa mwisho, tukamwita Kitinda, na jina hilo lilimganda hata alipokuwa mama wa watu. Baba yao, seremala, alifariki Kitinda akiwa hajang'oa meno ya utoto, na nyumba ikabaki mikononi mwa kifungua mimba wangu, ambaye wenzake walimwita Meneja tangu mdogo, kwa sababu katika mchezo wowote yeye hakucheza, alipanga nani asimame wapi. Haki yake simnyimi, alifungua duka la misumari na saruji mbele ya nyumba, akawasomesha wadogo zake wote, na ndiyo maana akaona wote ni wafanyakazi wake.

Kitinda alianza shule ya msingi mwaka 1985, akamaliza sekondari mwaka 1996 baada ya hesabu kumtoa jasho, na mwaka 1998 akaingia chuo cha uuguzi. Watu watawaambia alikuwa na wito tangu utotoni, msidanganyike, utotoni akiona damu alikuwa wa kwanza kukimbia, ila siku moja nilimpeleka Meneja hospitali kushonwa kidole, muuguzi akamwambia "kaa pale, nyamaza," naye akakaa akanyamaza, na Kitinda aliyekuwa ameshika gauni langu alimtazama yule mwanamke kama anayetazama malkia. Alihitimu tarehe 30 Novemba 2001, akavaa sare yake mpya ndani ya nyumba siku nzima, akipita mbele ya kioo akijifanya anatafuta kitu.

Kuhitimu ndiko kulikoanzisha shida. Kila asubuhi alitoka na bahasha yake kwapani, viatu vimepigwa rangi, akazunguka hospitali na zahanati mpaka walinzi wa getini wakawa wanamuuliza habari za mama, na kila ofisi ilitaka uzoefu, akajibu kwa adabu kwamba ndiyo kwanza amemaliza, wakamwambia basi akapate uzoefu kisha arudi. Nilimuuliza huo uzoefu unauzwa duka gani, maana mlango unaotaka uingie ukiwa umeshawahi kuwa ndani si mlango, ni ukuta uliopakwa rangi. Zahanati moja ilimkubali, kumbe mwenye nayo alitaka azalishe, afagie, na yeye akisafiri Kitinda aitikie akiitwa daktari, akarudi nyumbani jioni ile ile akasema, "Mama, pale mtu akifa atakayefungwa ni mimi."

Wakati huo simu ya mkononi katika nyumba yetu ilikuwa moja tu, ya Meneja, kwa hiyo kila alikopeleka maombi Kitinda aliacha namba ya kaka yake, akaambiwa akapumzike, wakimhitaji watapiga. Mtandao nao ulishika mahali pamoja tu, kwenye dirisha la chumba cha nyuma, hivyo simu ilitundikwa pale kwenye nondo mchana kutwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, si mke wake, si mimi, ikilia yeye ndiye aliyekimbia kutoka dukani, akasimama dirishani akaongea kama anayeita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde.

Katika chumba hicho hicho alilala mkwe mwenzangu, mama wa mke wa Meneja, aliyepigwa na kiharusi mwezi ule ule wa mahafali, upande wa kulia ukalegea na maneno yakampotea. Mke wa Meneja alimwogesha mama yake alfajiri kisha akaenda kazini, na yaliyobaki yote, kumlisha, kumgeuza asichubuke mgongo, kumnyoosha vidole, yakawa ya Kitinda. Meneja akasema, "Hospitali si zinataka uzoefu? Uzoefu huu hapa umelala, na chakula unapewa." Majirani nao hawakubaki nyuma, mwenye jipu alikuja, mwenye kuchomwa sindano alikuja, wote wakimwita nesi wetu, na nesi wao aliendelea kusubiri simu ilie. Ililia, kumbe. Kila ilipolia Meneja aliingia mbio akasema, "Mdogo wangu, nipishe kidogo, mambo ya biashara," naye akatoka kwa heshima akafunga na mlango, akamwacha kaka yake na mgonjwa ambaye Meneja alimhesabu pamoja na kabati.

Mwaka mzima ukapita hivyo. Waliomaliza naye wakaanza kupita mtaani na sare zilizopauka kwa kazi, na yake ilikuwa bado inang'aa, akawa akiwaona anaingia ndani. Nilimwona anavyopungua, nikadhani ni bahati mbaya, maana ningejua mapema, msiba katika nyumba hii ungekuwa wa zamani na marehemu angekuwa mwingine.

Lakini mikono haikumlegea. Alimfundisha mkwe kupuliza kipande cha karatasi juu ya sinia, kutoa ulimi, kusema a, e, i kama mtoto wa chekechea, na mkwe, aliyekuwa na mdomo kunizidi mimi, alikasirika mpaka akaanza kutukana, na matusi, niwaambie, yalirudi kabla ya salamu. Baada ya matusi likaja neno simu. Akimwona Kitinda tu, mkono mzima unaelekea dirishani, "Simu. Simu." Meneja akacheka, "Mama naye, unataka kumpigia nani, baba kaburini?" Lakini kuanzia siku ile tukamwona akiing'oa simu kwenye nondo na kupanda nayo juu ya tangi la maji uani kutafuta mtandao, mtu mzima na kitambi chake, nasi tukasema biashara imenoga.

Asubuhi moja ya Januari 2003 Kitinda alikuwa anamchana nywele, nami niko mlangoni na shuka mkononi, nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe, kwa hiyo Meneja usitikise kichwa huko ulikokaa. Mkwe alimshika kifundo cha mkono, akasema neno moja moja kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, "Hospitali walipiga. Kaka yako kasema umepata kazi. Mbali." Akapumzika, akakusanya pumzi, akaongeza, "Mwongo." Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Kitinda kilikuwa kinakaa naye meza moja.

Hakupiga kelele. Alimaliza kumchana, akamgeuza, akanawa mikono, akaenda dukani ambako kaka yake alikuwa anampimia mteja misumari.

"Kaka, hospitali walipopiga, ulisema nimepata kazi wapi?"

"Hospitali gani tena, mdogo wangu?"

"Hiyo uliyoiambia niko mbali."

Mteja akaona misumari yake inaweza kusubiri, akaegemea kaunta asikilize vizuri. Meneja akasema, "Sasa ningefanyaje, Kitinda? Mwenzangu yuko kazini, mimi niko dukani, mama yetu mzee, nani angemgeuza mgonjwa? Niajiri mtu wa nje wakati nesi ninaye ndani, tena niliyemsomesha mwenyewe?"

"Wewe."

"Mimi nini?"

"Utamgeuza wewe. Njoo nikuonyeshe, kesho sipo."

Kesho yake kweli hakuwepo, alikwenda kwa miguu yake mpaka hospitali ile, kwa matroni, mkubwa wa wauguzi, ambaye alimtazama akasema, "Wewe si tuliambiwa uko mbali?" akajibu, "Nimerudi." Nafasi alizoitiwa zilikuwa zimeshapata watu, ikabaki wodi ya wanaume waliovunjika, ambayo kila mtu aliikimbia kwa uzito wa wagonjwa na ubishi wao, akaichukua, akaanza kazi tarehe 11 Februari 2003. Msidhani alianza kwa shangwe. Mkono uliokaa mwaka mzima bila kutafuta mshipa ulichoma mara tatu ukakosa, mgonjwa akamwita matroni aje, matroni akasema mbele ya wodi nzima, "Cheti kinasema muuguzi, mkono unasema mgeni," na aliyepewa kazi ya kumsimamia alikuwa rafiki yake waliyekaa dawati moja chuoni, ambaye sasa Kitinda ilimbidi amwite sista, kama mkubwa wake. Alilia kwenye stoo ya mashuka, kisha akaja nyumbani akachoma machungwa kwa sindano mpaka jikoni kukanuka kama shamba, na kabla mwaka haujaisha matroni yule yule alikuwa anamwita yeye mishipa ya wengine ikikataa.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 2007 na fundi umeme aliyeanguka kutoka kwenye ngazi akaletwa wodini kwake na mgongo uliovunjika, mtu ambaye mpaka leo hawezi kuinua hata ndoo ya maji, lakini alijua kumchekesha mke wake, nami kwa hilo nilimkubali. Walijaliwa binti mwaka 2008 na mtoto wa kiume mwaka 2012, na wote wawili mnawaona hapa, msiwachoshe kwa maswali.

Mwaka 2015 akawa kiongozi wa wodi ile ile, akaanza kukaa kwenye meza ya kuajiri, na hapo alikuwa na desturi yake iliyowachosha wenzake. Anayemaliza chuo hakumuuliza uzoefu, alimuuliza anaogopa nini. Akipiga simu kumwita mtu kazini, akipokea baba, mume au shangazi, hakuacha ujumbe, alisema, "Nipe mwenyewe," na akiambiwa mwenyewe ameshapata kazi mahali pengine alimtuma mhudumu wa wodi mpaka mlangoni kwao akahakikishe. Humu ndani naona sare nne zilizopatikana kwa kugongewa mlango namna hiyo.

Kuanzia Machi 2023 alilalamika kiuno, na kama wauguzi wote aliwahimiza wengine wakapimwe, yeye akameza vidonge akaenda zamu. Mwezi Oktoba madaktari walikuta saratani kwenye uti wa mgongo, Januari miguu ikakataa, akaomba arudishwe nyumbani kwake, na huko ndiko alikofariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, akiwa na miaka arobaini na sita.

Tunawashukuru madaktari, waliomwambia ukweli bila kuuzungusha, maana angewagundua. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa wodi, waliokuja kwa zamu kumwogesha na kumsafisha, wakakubali kukosolewa naye namna ya kutandika shuka mpaka wiki ya mwisho. Tunawashukuru majirani kwa maji, kuni, na kwa kupunguza redio. Nawe mwanangu, vua viatu, inua miguu, wodi imepata wengine.

Meneja hamkumsikia kwenye shukrani, na sikumsahau. Mkwe mwenzangu aliishi miaka saba baada ya ulimi kurudi, na hakukubali kugeuzwa na mkono mwingine ila wa mkwewe, akimwita kutoka chumba cha nyuma huku wateja wakisikia, "Mwongo! Njoo, mgongo unaniuma," naye akafunga duka katikati ya mauzo akaenda. Watu walicheka, nami nilidhani yamekwisha hapo.

Kitinda miguu ilipokataa, mume wake asiweze kumwinua, alisema mwenyewe, "Mleteni kaka, anajua, nilimfundisha mimi." Meneja akaja, akalala kwenye mkeka kando ya kitanda cha mdogo wake kuanzia Januari mpaka Juni, na kila akimgeuza alimuuliza, "Kitinda, yale mambo yetu yaliisha?" naye akamjibu, "Bega kwanza, kaka, kisha kiuno." Kitinda hakuwa amemnunia, alikula kwa mkono wa kaka yake, walikumbushana ya utotoni wakacheka mpaka kikohozi, alimpa kila kitu isipokuwa neno hilo. Jumatatu ya mwisho alimuuliza tena, nami nipo, Kitinda akasema, "Geuza," naye akamgeuza. Sasa tangu Jumanne ananifuata jikoni, ananifuata uani, mzee mzima, nimwambie mimi kwa niaba yake kwamba alisamehewa, nami ni mama wa wote wawili na roho inaniuma, lakini neno hilo halikuwa langu, lilikuwa la Kitinda, naye ameondoka nalo.