Mjomba Toza na Draiva Zilizomkosesha Raha

Tarehe 30 Juni, Svetozar Brankov, Mjomba Toza wetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika studio yetu ya katuni hapa Novi Sad. Aliajiriwa mwaka 1994 kama mchoraji, lakini hakuchora hata mwaka mmoja. Ilibidi achaguliwe mtu wa kutunza kompyuta, na siku ya kupiga kura yeye alikuwa na mafua nyumbani.

Tangu hapo maisha yake yamekuwa vita na draiva, ile programu inayoifanya kadi ya picha ielewane na kompyuta. Zisipoelewana, kioo hubaki cheusi na sisi hukaa tukinywa kahawa. Zamani draiva zilipakuliwa kwa laini ya simu. Moja aliisubiri kwa saa tisa, na ilipobaki kidogo tu, mhasibu wetu Bi Desanka akanyanyua simu kumuuliza dadake kuhusu pilipili za kupikia ajvar, rojo letu la pilipili za kuchoma. Laini ikakatika. Toza akaanza upya.

Zilizofuata hazikuwa na adabu zaidi. Moja ilirekebisha rangi ikaharibu vivuli. Nyingine ikarudisha vivuli ikafuta nyuso za wahusika. Aliwaandikia watengenezaji, wakamshukuru kwa uvumilivu wake. “Uvumilivu gani?” alituambia. “Hizi ni hasira tu, zimejifunza kusubiri.” Akatoa amri: draiva inayofanya kazi haiguswi.

Mkurugenzi wetu Nenad aliigusa. Ilikuwa Novemba 2017, na filamu yetu ndefu ya kwanza ilitakiwa kukabidhiwa kesho yake, la sivyo studio ingefungwa na watu kumi na tisa wangekosa kazi. Nenad alibonyeza kitufe cha kusasisha. Kompyuta ya kuunganishia filamu ikazima kioo.

Na siku hiyo ilikuwa slava ya Toza, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wake. Mwenye slava hatoki nyumbani, wala haketi, mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Lakini mgeni wa slava naye haalikwi. Anakuja tu, na hafukuzwi. Basi tukaibeba kompyuta, tukabisha hodi.

Toza alitutazama, akatukaribisha kwa ngano ya baraka iliyochemshwa, kisha akaondoa sahani ya nyama mezani na kuiweka kompyuta mahali pake. Alijaribu draiva tatu za zamani, amesimama, akiwamiminia wageni rakija, pombe kali ya matunda, katikati ya majaribio. Zote zikagoma. Mama mkwe wake akauliza, “Toza, huyu mgeni wako wa chuma mbona hali?”

“Atakula tu, mama. Leo mimi siketi na yeye hagomi.”

Tatu nyingine zikagoma pia, lakini ya saba ikakubali. Picha ilipowaka, Nenad alilia hadharani, na sisi hatukumcheka hadi Jumatatu. Filamu ilifika kwa wakati. Wote kumi na tisa tulibaki kazini, na wengi wetu tumelea watoto kwa kazi hiyo.

Asante, Mjomba Toza. Tutakukumbuka sana, na tunaogopa kidogo pia. Pumzika kwa afya na furaha, wewe na wako wote. Novemba tutakuja bila kualikwa, mikononi tukiwa na divai tu. Utamimina, utasimama kama desturi inavyotaka, na tukishaondoka sote, tafadhali keti.