Tarumbeta la Kabla ya Habari

Basi lilikuwa nusu tupu, nami nilikaa na kikapu changu nyuma ya baba mmoja na mama mmoja. Yule baba alikuwa amevaa kitambulisho cha redio ya taifa shingoni, na nadhani baadaye alijuta. Mama aliyekaa kando yake alikitazama, akamgeukia. "Kumbe ninyi ndio mliosoma jana mambo ya nchi ya mwaka mzima?"

"Ndiyo, mama," akajibu kwa majivuno kidogo. "Kipindi kile nilikiandaa mimi."

"Basi mbona mume wangu hamkumtaja? Amekufa mwaka huu huu. Tarumbeta mnalolipiga kabla ya kila taarifa ya habari ni pumzi yake yeye!"

"Pole sana, mama. Saa moja haitoshi."

"Haitoshi! Waziri kakata utepe mara nne, mkazisoma zote nne. Mpaka utepe wa choo cha stendi!" Nikakohoa ili nisicheke.

"Nchi yetu ndogo, mama, lakini mambo ni mengi."

"Kama ni ndogo, wapiga tarumbeta tunao wangapi? Usinitie wazimu, baba! Wanangu wameizunguka redio kusubiri jina la baba yao, wakaambulia choo!"

Yule baba akainamia simu yake, na simu yenyewe ilikuwa imezimwa. Basi likasimama kituoni. Saa ya habari ilikuwa imefika, na kwenye redio ya dereva tarumbeta likalia.

"Huyo hapo," mama akasema. "Mwambie mwenyewe kwamba hakupata nafasi."