Benedikta Mwandu na Nyimbo za Kigoda cha Baba

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Dutwa, poleni na safari, poleni na msiba. Mimi ni Specioza, mdogo wake marehemu. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kwa sababu, wanasema, sauti yangu haikwami. Tutaona.

Mwalimu Benedikta Mwandu alizaliwa tarehe 9 Juni 1963 hapa hapa Dutwa, wilaya ya Bariadi, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mwandu na marehemu mama yetu Nyanjige. Zilikuwa siku za kuvuna pamba, na uchungu ulimshika mama akiwa shambani. Mama alizoea kutusimulia kwamba mtoto alifika na nyuzi za pamba zimemnasa kichwani, macho wazi, halii, anasikiliza tu. Mpaka alipopigwa kofi ndipo akalia. Mama alisema kilio kile kilikuwa kitamu kuliko nyimbo zote alizotunga baadaye, na Benedikta alikuwa akinuna kila aliposikia mzaha huo.

Alisoma Shule ya Msingi Dutwa kuanzia 1971 hadi 1977, kisha akachaguliwa kwenda sekondari ya masista, Mwanza. Huko ndiko alikokiona kinanda kwa mara ya kwanza. Akija likizo alikaa jikoni akipiga meza kwa vidole, amefumba macho, ugali unaungua, ukimwita hasikii. Bibi yetu alishauri aangaliwe na mganga.

Mwaka 1979, akiwa kidato cha pili, posa ikaletwa. Benedikta alimwambia baba kwamba yeye anarudi shuleni. Baba akamjibu, "Anayeamua hapa nyumbani ni anayekaa kwenye kigoda." Kigoda chenyewe kilikuwa cha miguu mitatu, cha baba peke yake. Sisi wanawake tulifagia kukizunguka, hatukukigusa hata kwa upindo wa kanga. Sista mkuu alikuja kumwombea, baba akakubali, na Benedikta akarudi darasani. Lakini alirudi na uchungu kwamba hata hilo ameombewa na mtu mwingine. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu katika maisha yake: neno lake juu yake mwenyewe liwe la mwisho.

Baada ya chuo cha ualimu, tarehe 27 Agosti 1988 alifunga ndoa na Bwana Thomasi Magese, mfanyabiashara wa samaki wa Lamadi. Walijaliwa watoto wawili, Leonidas na Dorkasi. Shemeji Thomasi yuko hapa, amekaa pale mbele, na ameniambia nisome yote bila kuficha. Basi nasoma. Shemeji alisema mke wake haimbi mbele ya watu, na dada yangu hakuimba mbele ya watu. Nyimbo zikawa zinamjia usingizini. Aliniambia aliota wanawake wakitoka ziwani, ndoo za maji kichwani, nyuso zao hazionekani, kila mmoja na sauti yake, na maji hayamwagiki. Akiamka maneno yamepotea, tuni imebaki mdomoni. Alishinda nayo kutwa nzima akigeuza dagaa juani.

Mwaka 1999 walitengana, bila matusi na bila baraza. Benedikta akarudi Bariadi kufundisha, na mwaka 2001 akaenda Dar es Salaam kusomea stashahada ya muziki akiwa na miaka thelathini na minane, darasa moja na vijana waliomwamkia shikamoo. Aliporudi alifundisha kwaya, alifundisha watoto kusoma noti, na polepole akatunga kazi ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina tu, *Kigoda cha Baba*.

Ni nyimbo sita zinazofuatana, za sauti moja ya mwanamke, kinanda na fidla mbili. Husikilizwa kwa kutulia, bila kupiga makofi katikati, jambo ambalo Bariadi lilitushinda kabisa. Nyimbo tano za kwanza zimejengwa juu ya maneno ambayo kila mwanamke hapa ameshaambiwa: Nani amekuruhusu. Ng'ombe wameshakuja. Nyamaza, wanaume wanaongea. Mtoto ni wa ukoo. Unaniaibisha. Katika wimbo wa sita mwimbaji anakaa kwenye kigoda na kusema ya kwake.

Ilipoimbwa Dar es Salaam waliazima kigoda. Kwa onyesho la Bariadi, Jumamosi tarehe 20 Agosti 2016, Benedikta alikitaka kile chenyewe cha baba. Baba akamwambia, "Ng'wanone, mwanangu, kigoda changu hakiendi kwenye ngoma peke yake." Tukajua amekataa. Kumbe mzee alimaanisha alichosema. Siku ile aliingia ukumbini na koti lake la sherehe, kigoda mkononi, akakiweka katikati ya jukwaa, akakaa. Kwenye ngoma zetu mkubwa hukalishwa katikati aimbiwe, naye aliona mwanawe amempa heshima hiyo. Nani angemwinua? Jenipha, mwanafunzi wa Benedikta, akaimba nyimbo tano zote mbele ya uso wake. Mzee alikuwa amefumba macho, akiitikia kwa kichwa.

Ukafika wimbo wa sita. Jenipha alisogea mpaka kwenye kigoda, akasimama, hana pa kukaa. Benedikta, aliyekuwa kwenye kinanda, hakuacha kupiga. Alikirudia kile kipande cha mwanzo, taratibu, akakirudia tena, na vijana wa fidla wakamfuata bila kuelewa. Ukumbi ukawa kama umelala. Mwanga wa jioni uliingia madirishani na vumbi la pamba likaelea ndani yake, halipandi, halishuki. Mimi nilimwona mama yetu amesimama mlangoni, na mama alikuwa ameshafariki. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Nilitaka isiishe.

Mwishowe baba akafumbua macho. "Huyu binti anangoja nini?"

"Anangoja kukaa, baba," Benedikta akajibu, vidole viko kazini.

"Mbona hakusema?"

"Amesema nyimbo tano, baba."

Baba akainuka, akakipangusa kigoda kwa kofia yake, akasogea pembeni. Jenipha akakaa, akaimba. Baba alimsikiliza amesimama mpaka mwisho, ameegemea fimbo. Sisi watoto wake hatukuwahi kumwona amesimama huku mwanamke amekaa, na nililia sana, sioni haya kusema. Baada ya hapo Benedikta aliandika kwenye noti zake kwamba popote nyimbo hizi zitakapoimbwa, mwanamume akae kigodani, na kipande kile kirudiwe mpaka ainuke mwenyewe.

Mwaka 2022 alianza kusumbuliwa na figo. Alitibiwa Bariadi na baadaye Mwanza, na hata kitandani aliwasahihisha wauguzi waliokuwa wakiimba nje ya ufunguo wa wimbo. Mwezi Januari mwaka huu alituita, mimi na wanawe, akatuambia anataka azikwe hapa, kwenye shamba alilolinunua mwenyewe. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, alfajiri, akiwa usingizini. Dorkasi aliyekuwa naye anasema midomo yake ilikuwa inacheza.

Juzi ukoo ulikaa. Watu wa Lamadi walisema ndoa ya kanisa haikuvunjwa, kwa hiyo azikwe kwa mumewe. Baba zetu wadogo walisema azikwe bomani kwa baba yake. Nilipotaja shamba hili mmoja wao alicheka, akasema mwanamke hachagui kaburi. Nilijua kwamba tukimzika kwingine, kila alichokipigania kimekwenda.

Baba, ambaye sasa hasikii vizuri, akaniuliza, "Mwenyewe alisemaje?"

Nikamwambia kwa sauti kubwa.

"Basi chimbeni," akasema, akaomba maji ya kunywa.

Shemeji Thomasi aliinuka, akatoka kwenda kutafuta majembe.

Mwalimu Benedikta ameacha baba, watoto wawili, wajukuu watatu, mimi mdogo wake, na wanafunzi ambao leo wanajua kusoma noti kuliko mapadre wao. Tunawashukuru wote waliomuuguza.

Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Dada yangu apumzike kwa amani, mahali alipopachagua mwenyewe.