Maziwa ya Kopo Katika Kahawa ya Baba Anaeli

Bwana asifiwe! Mchungaji, wazee wa kanisa, wakubwa wote shikamooni. Bwana asifiwe hata leo, ninaposimama hapa kuufuta ushuhuda wangu mwenyewe.

Ndugu zangu, mnakumbuka. Nilisimama hapahapa na kitenge kipya, nikasema Bwana amemponya mume wangu, Baba Anaeli, ugonjwa wa kisukari, kwa sababu nyumbani kwetu tumeacha sukari kabisa, kahawa yake naitia maziwa ya kopo tu. Mlipiga vigelegele! Akina mama mlinifuata mpaka nje kunishika mkono. Ushuhuda ule haukuwa kweli. Siku ile sikujua. Baadaye nilijua, nikanyamaza, na kwa kunyamaza kule mume wangu leo ana mguu mmoja.

Sisi ni watu wa kahawa na ndizi, huku juu mlimani, tangu enzi za babu wa mume wangu. Miaka ile ya foleni sukari ilikuwa ya kugawiwa, tukanywa kahawa chungu na tukashukuru. Halafu maduka yakafunguliwa. Dada yangu wa Daraja Mbili, kule mjini, akajaza duka lake vitu vya nje mpaka mlangoni, akanipa kopo la maziwa, yale mazito yanayovutika kwenye kijiko kama asali. Jamani, nililipenda lile kopo! Mgeni akija namwekea katikati ya meza alione. Maziwa ya ng'ombe wetu Pendo yakawa ya kupeleka mjini tu. Nikaona haya kumtilia mgeni maziwa yanayonuka zizi, mimi niliyekuzwa na maziwa hayohayo.

Baba Anaeli akaugua. Kiu haimwishi, anakonda, suruali anaifunga kwa kamba. Daktari akasema ni kisukari, aache sukari. Tukaacha! Sukari yote ya nyumbani nikampa jirani, chai tukanywa bila sukari. Ila kahawa yake ya asubuhi niliendelea kuitia maziwa ya kopo, vijiko vitatu vya kujaa. Daktari alikataza sukari, hakukataza maziwa. Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Dawa zikampa nafuu kidogo, nami nikakimbilia hapa mbele.

Tuliporudi kliniki, nesi akaniuliza asubuhi anakunywa nini. Nikamweleza kwa majivuno. Akaweka kalamu chini.

"Mama, kopo hilo limejaa sukari. Unamnywesha sukari kila siku. Mpe kahawa chungu, au mtilie maziwa ya ng'ombe kidogo. Yachemshe, yakipoa utoe utando wa juu."

Baba Anaeli alikuwa nje kwenye benchi. Akaniuliza, "Amesemaje?" Nikamjibu, "Anasema unaendelea vizuri."

Ndugu zangu, mtaniuliza kwa nini. Aibu! Nilishashuhudia mbele yenu. Nikawaza, nitarudije kwa wale akina mama? Tena kikombe kile ndicho kilikuwa furaha yake iliyobaki, kwa kuwa bei ya kahawa ilishaanguka na shamba lilimkatisha tamaa. Nikajiambia nitapunguza kidogo kidogo. Sikupunguza hata kijiko.

Akajikwaa kwenye kisiki akipalilia mibuni. Kidonda kidogo tu, kwenye kidole. Hakikupona. Kikaanza kunuka, weusi ukapanda, na hospitalini wakaukata mguu chini ya goti.

Mlikuja kutupa pole. Mkasema shetani amemwonea mtumishi wa Mungu, nami nikaitikia amina. Nilimsingizia hata shetani! Niliimba nanyi kwaya huku moyoni nasema, Bwana, kama upo, usinitazame. Kuomba sikuweza. Nilipomfunga bandeji nilitamani ningekatwa mimi, na kila aliponiambia "asante, mama" nilitoka nje nikalilia migombani. Na bado nilikuwa namtilia maziwa ya kopo. Kuacha ghafla ilikuwa sawa na kukiri.

Asubuhi moja akaita kutoka chumbani, "Mama Anaeli, mbona kahawa leo imechelewa?" Nilikuwa nimesimama jikoni na kopo mkononi, mkono unakataa. Nikaenda nalo hivyohivyo, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia yote, nesi, benchi, kila kitu.

Alilichukua kopo mkononi mwangu, akaliweka kitandani. Nilijua ananifukuza.

Kisha akasema, "Ulimi ninao, mama. Utamu ule niliujua tangu kikombe cha kwanza. Niliogopa nikiuliza utaacha kunitilia."

Tulilia, ndugu zangu, watu wazima wawili, kopo katikati yetu. Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Sikuona nuru wala sikusikia sauti. Niliweza tu kupumua, kitu ambacho nilikuwa nimekisahau.

Akaniambia, "Kanitilie ya Pendo." Nikachota kwenye ndoo iliyokuwa inasubiri kwenda mjini, nikachemsha, nikatoa utando. Akanywa, akakunja uso. "Mbaya hii," akasema. Akamaliza chote.

Sijaja kuwaambia yamekwisha. Mguu uliobaki una ganzi, na nesi amesema unamtia hofu. Huenda nao ukaenda. Huenda toba yangu imechelewa, na hilo nitalala nalo na kuamka nalo maisha yangu yote. Lakini namshukuru Mungu kwamba sasa, akiniuliza nesi amesemaje, ninamwambia alivyosema.

Najua wako humu waliosikia ushuhuda wangu wa kwanza wakaenda kununua kopo. Naona mnavyotazama chini. Sitamtaja mtu. Mtumainini Bwana, lakini dawa mmeze, na kopo mlitoe mezani. Kila asubuhi mimi napita njia hii na ndoo ya maziwa kuelekea barabarani. Kama una mgonjwa nyumbani na unaona aibu kusema, basi usiseme. Aibu naijua. Weka kikombe kitupu kwenye uzio wako. Nitakijaza, nitaenda zangu, wala sitakuuliza kitu. Amina.